Usiniulize chipu gani kabla hujaniambia mashine inazimwaje

Wiki iliyopita kijana mmoja alinitumia ujumbe. Nauandika vile ulivyokuja, bila jina lake:

"Niaje bro. Niliona video yako ya ESP32. Buda ako na posho mill huku kwetu, mota ya farasi 20. Nataka aweze kuiwasha na kuizima na simu akiwa shambani. Ninunue ESP32 ama kuna ingine imeishinda?"

Niliusoma nikiwa kwa matatu, na nilikosa raha hadi nikashuka.

Video anayosema mnaijua. Niliipa jina "Chipu Moja Tu Unayohitaji". Nilipanga maikrokontrola tano kwa jedwali, nikaandika kasi, kumbukumbu na bei, kisha nikazijumlisha kama mwalimu anayesahihisha mtihani. ESP32 ikawa nambari moja: bongo mbili za megahezi 240, WiFi ndani, Bluetooth ndani, na unaipata Luthuli Avenue kwa karibu elfu moja. Ni video yangu iliyotazamwa kuliko zote.

Jana usiku niliifuta. Leo nataka niwaambie kwa nini, halafu nimjibu huyo kijana mbele yenu wote, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Kwa wageni wa hapa: maikrokontrola ni kompyuta ndogo ndani ya chipu moja. Ina bongo, ina kumbukumbu, na ina miguu ya kusoma umeme na kutoa umeme. Iko ndani ya rimoti yako, ndani ya mita ya tokeni, ndani ya mashine ya kufua nguo. Ukiiunganisha na taa ya LED ni mchezo. Ukiiunganisha na mota ya kiwandani, mchezo umeisha, na hapo ndipo mimi nilichelewa kuelewa.

Nilikuwa kwenye atachimenti, karakana ndogo ya kujaza maji ya chupa huko Industrial Area. Kulikuwa na mkanda mmoja wa kubeba chupa kutoka kwa mashine ya kujaza hadi kwa meza ya lebo. Mota yake ilikuwa ndogo, farasi moja, fezi tatu. Ilikuwa inawashwa na kisanduku cha kizamani ukutani: kitufe cha kijani, kitufe chekundu, na ndani yake kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa na sumaku.

Shida ilikuwa stima. Ilipotea mara mbili, tatu kwa siku, na kila ikirudi lazima mtu atembee hadi ukutani abonyeze kijani tena. Mdosi alikuwa amechoka. Mimi nikaona nafasi ya kung'aa. Nikamwambia, "Boss, nipe wiki moja. Utaendesha huu mkanda ukiwa kwa kiti chako."

Nikatoa waya za vile vitufe. Nikaweka ESP32, bodi ya rilei, na ukurasa mdogo kwenye simu wenye maneno mawili: ENDESHA na SIMAMA. Na nikaongeza kitu kimoja ambacho nilijivunia sana. Kila hali ilipobadilika, programu iliandika hali mpya kwenye kumbukumbu isiyofutika. Stima ikipotea na kurudi, chipu inaamka, inasoma hali ya mwisho, inaendelea ilipoachia. Hakuna kutembea hadi ukutani. Mdosi alifurahi hadi akanunua soda ya kila mtu.

Siku nane ilifanya kazi fiti kabisa.

Siku ya tisa chupa mbili zilikwama kati ya mkanda na rola ya mwisho. Mama mmoja wa upande wa lebo akaita tusimamishe. Kijana aliyekuwa na simu akabonyeza SIMAMA. Mkanda ukasimama. Mama akaingiza mkono kutoa chupa.

Baada ya sekunde mbili tatu hivi, mkanda ukaanza tena wenyewe.

Mkono wa dastikoti yake ulivutwa, kisha vidole. Kijana wa simu akabonyeza SIMAMA tena na tena, na ukurasa haukujibu. Fundi wa zamani wa pale, tuliyemwita Mzee tu, ndiye aliyekimbia akaangusha swichi kuu ya ukuta mzima. Karakana ikawa giza na kimya, isipokuwa sauti ya huyo mama.

Kidole cha shahada kilivunjika na ukucha ukatoka. Alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku, kwa hivyo kila siku aliyokaa nyumbani na plasta ilikuwa siku bila pesa. Nilimtumia kidogo mara mbili. Haikutosha na nilijua haitoshi. Nilipoenda kumuona nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwomba msamaha. Yeye akaniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, ile mashine yako kwani haisikii?"

Nilirudi kwa bodi kutafuta jibu la swali hilo. Nililipata usiku huo huo.

Kontakta inapoachia, ile koili yake ya sumaku hutema umeme wa ghafla. Sikuwa nimeweka kitu cha kuumeza huo umeme, na waya za chipu zilipita kando ya waya za koili. Chipu ikachanganyikiwa, ikajizima na kujiwasha upya. Programu yangu ilikuwa imepangwa hivi: kwanza achia rilei, halafu andika "simama" kwenye kumbukumbu. Chipu ilijizima katikati ya hizo hatua mbili. Ilipoamka ikasoma hali ya mwisho iliyoandikwa, na hali hiyo ilikuwa "endesha". Ikatii. Na wakati kijana anabonyeza SIMAMA kwa nguvu zote, chipu ilikuwa bado inatafuta WiFi.

Kwa hivyo ni kweli, haikuwa inasikia.

Nilimpelekea Mzee maelezo hayo nikidhani atavutiwa na upelelezi wangu. Mzee hajui ESP32 ni nini na hana haja. Alinipeleka kwa kile kisanduku nilichokitoa, kilikuwa bado sakafuni. Akaniuliza, "Stima ikipotea, hii kontakta inafanya nini?" Nikasema inaachia. "Stima ikirudi?" Nikanyamaza. Mnajua jibu. Haifanyi kitu. Koili yake inashikiliwa na umeme unaopita kwenye mguso wake wenyewe, kwa hivyo ikishaachia, inabaki imeachia mpaka mtu abonyeze kijani kwa mkono wake. Kile nilichokiita usumbufu kiliwekwa pale makusudi, ili mota isiamke mkono wa mtu ukiwa ndani. Mimi ndiye niliyekitoa, tena nikashangiliwa.

Halafu Mzee akanipa maswali matatu, na leo siwezi kuchagua chipu bila kuyapitia: Ikizimika, inaacha mashine katika hali gani? Ikiamka, inafanya nini kwanza? Na nani anaweza kuisimamisha bila kuiomba ruhusa?

Angalia vizuri. Hakuna swali hata moja la megahezi.

Sasa twende kwa kazi yenyewe. Ukitaka kuchagua maikrokontrola ya kuendesha mota na kuzungumza na mashine nyingine kiwandani, anza na mota, kisha nenda kwa waya, halafu ndio uje kwa chipu.

Mota kwanza. Stima ya viwanda Kenya ni fezi tatu, volti 415, hezi 50. Mota ya kawaida ya ncha nne huzunguka chini kidogo ya mizunguko 1,500 kwa dakika kwa sababu hizo hezi 50 ndizo zinazoiamuru. Ukitaka kuwasha na kuzima tu, kontakta inatosha. Ukitaka kubadilisha mwendo, lazima ubadilishe hezi, na hapo unahitaji inveta ya mota, ile mafundi wanaita VFD, si ile ya sola. Inachukua stima ya fezi tatu, inaigeuza kuwa umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, karibu volti 590, kisha inaukatakata kwa transista sita mara maelfu kwa sekunde hadi mota inaona mawimbi mapya.

Zile transista sita ziko jozi tatu, moja juu na moja chini. Wasee, hapa ndipo pesa huungua. Ya juu na ya chini ya jozi moja zikiwaka pamoja, hata kwa mikrosekunde chache, umepiga shoti volti 590. Kwa hivyo kati ya kuzima moja na kuwasha nyingine lazima kuwe na pumziko dogo. Swali ni nani analinda hilo pumziko. Kama ni programu yako, siku programu ikichelewa kidogo, utasikia mlipuko. Kama ni saketi iliyomo ndani ya chipu yenyewe, pumziko linakuwepo hata wewe ukiandika upuzi.

Kuna na suala la muda. Tuseme unakata umeme mara 16,000 kwa sekunde. Kila mzunguko una mikrosekunde 62.5, na ndani yake unatakiwa usome mkondo wa mota, upige hesabu, uweke jibu. Arduino Uno ina megahezi 16, kwa hivyo ina hatua 1,000 tu kwa kila mzunguko. Mbaya zaidi, ile amri yake ya kawaida ya kusoma volti, analogRead, inachukua kama mikrosekunde 100. Yaani kabla haijamaliza kusoma, mzunguko mmoja na nusu umeshapita. Uno ni mwalimu mzuri sana wa kuanzia, mimi mwenyewe ilinifunza, lakini usiipe kazi hii.

Chukua STM32F103, ile iliyo kwenye bodi ndogo ya bluu wanayoiita Blue Pill. Megahezi 72. Kwa ile video yangu iliburuta mkia kwa sababu haina WiFi. Lakini ndani yake kuna taima moja, TIM1, iliyotengenezwa na mota akilini. Inatoa jozi tatu za ishara, inaingiza lile pumziko yenyewe, na ina mguu mmoja wa dharura. Saketi ya nje ikiona mkondo umezidi, inagusa huo mguu na ishara zote zinakatwa palepale. Haiombi programu ruhusa. Programu inaweza kuwa imekwama, imelala, iko katikati ya kitu kingine, na mota bado itazimwa. Hilo ni swali la tatu la Mzee, limejibiwa ndani ya chipu.

Ukitaka kupanda ngazi, STM32G431 ina megahezi 170, na vilinganishi na vikuza ishara viko ndani, kwa hivyo ulinzi wa mkondo unaweza kuujenga na vipande vichache sana vya nje. Texas Instruments wana familia ya C2000, ambayo ni chipu za kudhibiti mota na mitambo ya umeme hasa. Hizo ni za mtu anayetengeneza inveta yenyewe, au kidhibiti cha boda ya stima.

Na nisiionee ESP32. Ile ya kwanza ina kitengo cha kuendesha mota chenye pumziko na mguu wa hitilafu pia. Shida ni yale ambayo sikuwaambia. Moja, ina vitengo viwili vya kusoma volti, na WiFi ikiwaka kile cha pili hakitumiki. Unaweza kuchora bodi yako yote, ukaagiza, ukawasha WiFi, na sensa yako ya mkondo ikafa. Mbili, baadhi ya pini zake hurusha ishara wakati chipu inaamka, kabla mstari wako wa kwanza wa programu haujaanza. Ukifunga rilei kwenye pini kama 14 au 15, unaweza kusikia ikigonga yenyewe. Rudi kwa swali la pili la Mzee: ikiamka, inafanya nini kwanza? Jibu la hilo liko kwa karatasi za chipu, wala huhitaji kuumiza mtu ndio ulijue.

Sasa waya. Viwandani mashine zinazungumza, na mara nyingi zinazungumza lugha za zamani. Modbus ilitoka mwaka wa 1979 kwa kampuni ya Modicon na bado iko kila mahali: mita, inveta, sensa za joto. Ile ya waya husafiri juu ya RS-485, waya mbili zilizosokotwa, hadi kama mita 1,200 ukienda polepole, na unafunga rezista ya omu 120 kila mwisho. Chipu inahitaji nini? Mlango mmoja wa siriali, ule wa kawaida, na kipande kidogo cha kubadilisha ishara. Karibu kila maikrokontrola inaweza. Modbus ya RS-485 inaenda kwa zamu: bwana anauliza, mtumwa anajibu, hakuna anayeropoka.

CAN ilianzishwa na Bosch, ikatangazwa 1986, kwa ajili ya magari. Hapa kila kifaa kinaweza kuanza kuongea, na viwili vikianza pamoja, ujumbe wenye nambari ndogo zaidi unapita bila kuharibika na mwingine unasubiri. Kwa hivyo ukiipa "simama" nambari ndogo kuliko zote, haizuiliwi na porojo za joto na kasi. Hapo lazima uangalie chipu ina kitengo cha CAN ndani. STM32F103 inayo, lakini inagawana kumbukumbu na USB, huwezi kutumia zote mbili wakati mmoja. Vitu vidogo kama hivi ndivyo vinakula wiki nzima ya maisha yako.

Ukihitaji Ethaneti, STM32F407 ina sehemu yake ndani, na bado utaongeza chipu ya pili nje ya kushika waya. Ukisikia mtu anataka EtherCAT ya Beckhoff, ile ya mashine nyingi kusogea kwa pamoja bila kupishana, jua kifaa chako kitahitaji kidhibiti maalum cha EtherCAT. Haitoshi kusema "si hii ina Ethaneti?" Plagi ni moja, lakini kazi ndani ni tofauti.

Na WiFi? WiFi itume ripoti. Ihesabu chupa, ionyeshe grafu kwa simu ya mdosi, ilete ujumbe kwamba mota imepata joto. Isiwe ndiyo njia pekee ya kusema simama. Ukuta mmoja wa mabati, au mtu kuchomoa ruta ili achaji simu, na amri yako imepotea hewani.

Sasa nitawaambia kitu ambacho kitawaudhi wapenzi wa bodi kama mimi. Mara nyingi huhitaji chipu ya kuendesha mota hata kidogo. Kwa ule mkanda, nilipopewa nafasi ya pili (na ni Mzee aliyeniombea), sikuandika programu yoyote ya kukata umeme. Tulinunua VFD ndogo. Ndani yake tayari kuna chipu iliyochaguliwa na watu wanaojua kazi hiyo, kuna ulinzi wa mkondo, na kuna mlango wa RS-485. Chipu yangu ikawa na kazi moja: kuiambia VFD kwa Modbus "mwendo huu," na kuisoma hali yake. Nilitumia STM32F103. Kwa kazi hiyo hata Uno ingeweza.

Lakini kwanza tulirudisha waya. Kitufe chekundu kikubwa cha dharura kikawekwa kila upande wa mkanda, na kinakata umeme wa koili ya kontakta iliyo mbele ya VFD. Hakipiti kwenye chipu yangu wala kwenye simu. Hata nikichomoa bodi yangu nikaitupa Nairobi River, hicho kitufe kinafanya kazi. Kitufe cha kijani kikarudi pia, na stima ikirudi lazima mtu aje abonyeze. Mdosi alinung'unika kidogo. Mzee alimtazama tu, akanyamaza.

Kwenye VFD kuna mpangilio wa kuiambia ifanye nini isiposikia ujumbe kwa muda fulani. Tuliuweka isimamishe mota. Ndani ya chipu nikawasha taima ya mlinzi. Hii ni kama soja wa geti anayetaka kusikia sauti yako kila baada ya muda mfupi, na ukinyamaza anakuamsha kwa nguvu: programu isipojitokeza, chipu inaanzishwa upya. Na ikianza upya, mstari wa kwanza kabisa wa programu unasema simama, halafu subiri mtu. Ule ujanja wangu wa kukumbuka hali ya mwisho niliufuta. ESP32 ile ile iliyovunja kidole iko pale hadi leo, kwenye kisanduku chake, inasoma nambari za STM32 na kuzituma kwa simu. Haina waya hata mmoja unaoenda kwa mota. Ni kazi inayoiweza, na inaifanya vizuri.

Kuna jambo la mwisho kwa orodha: je, utaipata tena? Kati ya 2020 na 2022 chipu ziliadimika dunia nzima, na STM32 zilikuwa kati ya zile zilizopanda bei vibaya sana. Watu waliokuwa wamejenga kila kitu juu ya chipu moja walikaa kusubiri. Na hizo Blue Pill za bei ya chini, nyingi zina chipu ya kuiga juu yake. Zingine zinafanya kazi sawa, zingine zinakushangaza usiku. Kwa mezani nunua tu. Kwa mashine itakayosimama kando ya binadamu, nunua kutoka kwa muuzaji anayeweza kukuambia ilitoka wapi, na uchague familia ambayo chipu mbili tatu zinaweza kukaa kwenye shimo lile lile.

Sasa wewe, kijana wa posho mill.

Mdogo wangu, mota ya farasi 20 inazungusha nyundo za chuma. Hata ukikata umeme, nyundo hizo zinaendelea kuzunguka kwa muda. Wewe unataka buda aiwashe akiwa shambani. Swali langu ni hili: akibonyeza, nani yuko karibu na mdomo wa mashine? Labda ni mama yako anafagia unga. Labda ni mtoto wa jirani ameleta debe la mahindi na hakumkuta mtu, akachungulia ndani. Buda haoni. ESP32 haioni. STM32 pia haioni, na hata C2000 ya bei kali haioni. Hakuna chipu nitakayokutajia itakayofanya hilo liwe sawa. Kwa hivyo kuwasha kutoka shambani, jibu ni hapana, na hapo sina "lakini".

Kuzima kutoka mbali ni tofauti kidogo, na kuangalia ni tofauti kabisa. Acha kisanduku cha buda kilivyo, na kontakta yake na kinga yake ya mzigo kupita kiasi. Kama hakina kitufe chekundu mahali mtu anaweza kukifikia akiwa mbele ya mashine, hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutumia, kabla ya bodi yoyote, na umwite fundi wa umeme mwenye leseni akifunge. Halafu chukua ESP32 yako, uvishe sensa ya mkondo ya kubana juu ya waya mmoja wa fezi, bila kukata kitu. Ihesabu mashine imefanya kazi saa ngapi. Imwambie buda mota inavuta mkondo mwingi kuliko kawaida, labda ungo umeziba au beringi zimechoka. Hapo buda ataiona mashine yake akiwa shambani, na hakuna atakayeumia kwa sababu yako. Hiyo ni kazi halisi. Ukiifanya vizuri, wenye posho mill wengine watakutafuta.

Yule mama alirudi kazini baada ya wiki kadhaa. Kidole hakinyooki vizuri. Siku ya kwanza tulipowasha mkanda mpya nilimwomba abonyeze kitufe chekundu mwenyewe, mota ikiwa kwa kasi. Akabonyeza, ukasimama. Akabonyeza kijani, ukaenda. Akabonyeza chekundu tena. Alirudia kama mara tano, na hakuna aliyemwambia inatosha. Kisha akavaa glavu akaendelea na lebo.

Video mpya inakuja, na haitakuwa na jedwali la megahezi. Lakini kabla ya hapo, kama nyumbani ama kazini kuna mashine unataka kuiwekea chipu, nitumie picha mbili: kibati cha mota kinachoonyesha volti na nguvu, na kitufe cha kuizima mahali kilipo. Kama hiyo picha ya pili huna, usinunue kitu bado. Tuongee kwanza.